GAZETI KATIKA GHALA LA TAJIRI

Mtu akishika gazeti hutazama habari zilizomo. Ni wachache waulizao mwenye gazeti ni nani, na wachache zaidi waulizao mwenye gazeti huyo ana mali gani nyingine. Sisi twasema swali hilo ni lazima liulizwe. Na ili isidhaniwe kwamba twasema kwa chuki, leo tutaeleza habari za ukoo mmoja tu, ukoo wa Thomson wa Kanada, ambao mali yake ni jambo la wazi.

Roy Thomson alizaliwa Toronto mwaka 1894, mtoto wa kinyozi. Alikuwa mchuuzi wa redio katika miji ya kaskazini ya jimbo la Ontario. Redio haziuziki mahali pasipo na cha kusikiliza, kwa hiyo mwaka 1931 alianzisha kituo chake mwenyewe cha kutangaza katika mji wa North Bay. Mwaka 1934 alinunua gazeti dogo la mji wa Timmins kwa kutanguliza dola 200. Toka hapo hakutazama nyuma. Mwaka 1953 alilinunua The Scotsman la Edinburgh. Mwaka 1957 alianzisha televisheni ya Scotland, akasema mwenyewe kwamba leseni ile ni sawa na leseni ya kujichapia fedha. Mwaka 1959 alilipata Sunday Times la London. Mwaka 1964, akiwa amekwisha kuuacha uraia wa nchi yake, alipewa cheo cha Lord na Waingereza. Mwisho wa mwaka 1966 akaliongeza The Times lenyewe.

Lakini magazeti hayakuwa mali yake yote. Alikuwa na kampuni ya kupeleka watu likizo ng'ambo, na ndege za kuwabeba. Alikuwa na sehemu katika mafuta ya Bahari ya Kaskazini, ambako kisima cha Piper kilivumbuliwa mwaka 1973. Alifariki mwaka 1976, na miaka mitatu baadaye mwanawe, Kenneth, aliinunua Hudson's Bay Company, iliyokuwa na maduka makubwa Kanada nzima. Hiyo ndiyo kampuni iliyopewa hati na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, ikaitawala nchi ya watu wengine kwa ajili ya biashara ya ngozi. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tulioletewa kampuni ya Waingereza yenye hati kama hiyo mwaka 1888, hatuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Basi hebu tumhukumu mtu huyu kwa haki. Roy Thomson hakuwa mtu wa kuwaamrisha wahariri wake. Alijulikana kwa kuwaachia waandike watakavyo, hata magazeti yake mawili yakapingana katika siasa. Wako watakaosema: ikiwa mwenye mali haingilii, taabu iko wapi?

Taabu iko hapa. Kwa mtu mwenye mafuta, ndege na maduka, gazeti ni kitu kimoja katika ghala. Asiyeligusa leo kwa kuwa linaleta faida, kesho atalitoa nje kwa kuwa halileti. Hana haja ya kuwa mtu mbaya. Anafuata hesabu tu, na hesabu haijui kwamba mji fulani utabaki bila sauti.

Tutazame yaliyotokea. Tangu mwanzo wa Desemba 1978 mpaka Novemba 1979, The Times halikutoka kwa karibu mwaka mzima kwa ugomvi wa wenye gazeti na wapiga chapa juu ya mitambo mipya. Wasomaji walikosa gazeti lao, lakini ukoo wa Thomson haukulala njaa, maana mafuta yalikuwa yakitoka baharini. Mwaka 1981 gazeti hilo liliuzwa kwa Rupert Murdoch. Msomaji hakuulizwa lilipofungwa, wala hakuulizwa lilipouzwa.

Kanada kwenyewe ilikuwa vibaya zaidi. Tarehe 27 Agosti 1980 ukoo wa Thomson ulilifunga Ottawa Journal. Siku ile ile kampuni ya Southam ililifunga Winnipeg Tribune. Katika Ottawa likabaki gazeti la Southam, na katika Winnipeg likabaki gazeti la Thomson, kila mmoja peke yake katika soko lake. Serikali iliunda tume chini ya Tom Kent, nayo mwaka 1981 ikashauri kwamba iwekwe sheria ya kuzuia magazeti mengi yasiwe ya mtu mmoja. Sheria hiyo haikupitishwa. Kampuni zote mbili zilishitakiwa, na mwaka 1983 mahakama iliziachilia. Wananchi wa miji ile walikuwa wamekwisha kupoteza magazeti yao.

Na jambo hili lilifika Afrika pia. Daily News la Salisbury, mji uitwao leo Harare, lilikuwa gazeti la Waafrika kwa wasomaji wake na kwa msimamo wake. Kwa hati lilikuwa mali ya Thomson. Liliwaunga mkono wapigania uhuru, na hatumnyimi sifa mtu aliyeliacha liseme. Lakini Agosti 1964 serikali ya Ian Smith ililipiga marufuku. Thomson alibaki na magazeti mengine mengi. Walionyang'anywa sauti ni Waafrika wa Rhodesia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hadithi hii haijawa ya kale. Mwaka 1998 ukoo ule uliiuza biashara ya likizo, na karibu na mwaka 2000 ukayauza magazeti yake mengi ya miji midogo ya Kanada na Marekani. Mwaka 2008 kampuni yao iliinunua Reuters, ambayo habari zake za dunia husomwa pia katika magazeti ya Afrika ya Mashariki. Leo ukoo huo, kwa kampuni yao ya Woodbridge, una kiasi cha asilimia 70 ya Thomson Reuters, na pia ni mwenye The Globe and Mail la Toronto. Fedha nyingi za Thomson Reuters hutoka kwa wanasheria na wahasibu wanaonunua maarifa ya kazi zao. Habari huleta kama sehemu moja ya kumi tu.

Hata hivyo liko jambo la kujifunza. Reuters ina kanuni zilizoandikwa mwaka 1941, kwamba isiwe chombo cha kundi lo lote, na kuna chombo cha kuzilinda ambacho Thomson alikikuta na hakukivunja. Kwa hiyo uhuru wa habari usiachwe katika moyo mwema wa tajiri. Moyo hubadilika, na tajiri hufa akarithiwa. Uandikwe, na alindaye maandishi ajulikane.

Sisi twadai mambo mawili. Kwanza, kila gazeti na kila redio itangaze wazi ni mali ya nani na mwenyewe ana biashara gani nyingine, ili msomaji apime asomayo. Pili, sheria imzuie mtu mmoja kuzishika sauti zote za mji mmoja, awe mgeni au mwenyeji, maana tajiri wa kwetu hatumii hesabu tofauti na ya tajiri wa Kanada.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Gazeti linalonunuliwa na mtu mmoja na kusomwa na kumi, tisa hawajalipa kitu, huwa linatafuta wa kulilipia, na tajiri hakosekani. Ukitaka gazeti liwe lako, lipia nakala yako. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha wasomaji hakuna awezaye kukifunga kwa siku moja.