Kongo: Kazi ya kuwafuatilia wagonjwa isife pamoja na mradi

Katika miji ya Goma, Bukavu, Beni na Bunia, si ajabu kumkuta muuguzi aliyeacha zamu za usiku hospitalini na kuingia katika kazi nyingine: kuwafuatilia wagonjwa wakisha kurudi nyumbani. Mashirika ya misaada huiita usimamizi wa kesi. Kuna wanaowalaumu wauguzi hao kwamba wamekimbilia dola na kuacha vitanda bila mtu. Lawama hiyo inawaangukia wasiostahili.

Kwanza, kazi yenyewe ni ya lazima. Mwanamke aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla ya saa 72 kupita, kisha azimeze kwa siku 28. Hospitali humpa dawa. Lakini nani atajua kwamba siku ya 10 amekimbia vita na kuziacha nyumbani? Mgonjwa wa kifua kikuu naye hutumia dawa kwa miezi 6, na akijisikia nafuu mwezi wa pili anaweza kuacha. Anayemfuatilia ndiye humpigia simu, humtafuta kwa jamaa zake na kumwelekeza kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mjini Bukavu mwaka 1999, inafahamika kwa kuunganisha matibabu na msaada wa kisaikolojia, wa kisheria na wa kujitegemea kimaisha. Mwenye majeraha hawezi kubisha milango hiyo minne peke yake. Anahitaji mtu mmoja anayelijua faili lake na anayetunza siri yake.

Ebola ilitoa somo hilohilo. Mlipuko wa 2018 hadi 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo. Februari 2021 ugonjwa ukarudi karibu na Butembo, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha uhusiano na virusi vya mlipuko uliotangulia. Virusi hivyo vinaweza kubaki mwilini mwa aliyepona kwa miezi mingi. Kumtembelea na kumpima bila kumnyanyapaa ni kuwalinda pia jirani zake.

Tatizo ni kwamba nafasi hizi nyingi zinategemea fedha za wafadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, wakati vita vikiingia Goma. Mradi unapofungwa, muuguzi hurudi nyumbani bila kazi, kwa kuwa nafasi yake hospitalini haipo tena, na mgonjwa hubaki akipiga namba isiyojibiwa.

Serikali ya Kinshasa inaweza kubadili hali hii. Kila hospitali kuu ya rufaa iwe na angalau wafuatiliaji wawili, walioandikishwa kama watumishi wa serikali, wenye mshahara, uniti za simu na nauli ya pikipiki. Mfadhili akija, awalipe nyongeza hao waliopo badala ya kuwachukua wengine wodini. Katika sehemu zilizo mikononi mwa M23 jambo hili litakuwa gumu, lakini Beni, Butembo na Bunia zinaweza kuanza.

Wengine watasema wauguzi wa wodini ni wachache, kwa nini kuwapunguza? Ukweli ni kwamba wanaondoka hata sasa. Wengi wamefanya kazi miaka mingi bila mshahara wa serikali, wakitegemea marupurupu na pesa anazolipa mgonjwa. Mwenye miaka 15 ya zamu, ambaye mgongo wake hauwezi tena kuinua wagonjwa, bado anaijua dawa, anaijua familia, na anatambua dalili ya hatari hata kwenye simu. Asipopewa kazi hiyo hospitalini, ujuzi wake utaishia sokoni au katika shirika jingine.

Hata hivyo koti jeupe pekee halitoshi. Kusikiliza bila kuhukumu, kutunza faili na kuijua sheria ya 2006 kuhusu ubakaji ni mambo ya kufundishwa. Shule za ISTM ziyaweke katika masomo yao, na Wizara ya Afya itenge fedha za nafasi hizo katika bajeti yake, si kungoja mradi ujao.