Likasi: Masomo ya msingi ni bure, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi

Kwa kawaida, mwaka wa masomo nchini Congo huanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mjini Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, wiki za mwisho za Agosti ndizo zinazokuwa ngumu zaidi kwa mifuko ya wazazi. Wote wanaingia sokoni kwa wakati mmoja, wakitafuta vitu vile vile: shati jeupe, suruali au sketi ya buluu, viatu vyeusi, soksi na mkoba. Muuzaji anajua kwamba mnunuzi wake hana siku za kusubiri, na fundi wa kushona anajua hivyo hivyo.

Tangu Septemba 2019, serikali ya Rais Félix Tshisekedi imeanza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyotaka katika kifungu chake cha 43. Hatua hiyo imewaondolea wazazi wengi ada iliyokuwa ikiwarudisha watoto nyumbani. Lakini bure hiyo inahusu ada. Nguo, viatu na madaftari vimebaki mikononi mwa mzazi, na kwenye sekondari mzazi anaendelea kulipa. Kwa familia yenye watoto wanne au watano shuleni, sare ndiyo imekuwa mlango mpya ambao mtoto anaweza kufungiwa. Asiyekuwa na sare mara nyingi anabaki nyumbani kwa wiki za kwanza, au anakwenda na kurudi kwa aibu, huku wenzake wakisonga mbele na masomo.

Hata hivyo, sare ya taifa yenyewe ina faida kubwa ambayo watu wengi hawaihesabu. Rangi ya buluu na nyeupe, ambayo kila mtu anaiita bleu-blanc, ni ile ile kutoka Likasi hadi Bunia. Shati jeupe lisilo na alama linaweza kununuliwa kwa muuzaji yeyote, au kutolewa kwenye balo la nguo zilizovaliwa. Kaka anaweza kumwachia mdogo wake hata kama hawasomi shule moja. Familia ikihama kutoka Panda kwenda Kikula, au kutoka Likasi kwenda Kolwezi, nguo zinahama nayo. Kadiri sare inavyofanana kila mahali, ndivyo mzazi anavyokuwa na nafasi ya kuchagua bei.

Faida hiyo inapotea pale shule inapoongeza vitu vyake: sweta yenye rangi yake, fulana ya michezo yenye jina lake, kitambaa ambacho kinapatikana kwa muuzaji mmoja tu, au nembo iliyochapwa moja kwa moja kwenye shati. Kila kitu cha namna hiyo kinaondoa soko. Mzazi hawezi tena kulinganisha bei, na nguo ya kaka haimfai mdogo aliye shule nyingine.

Kishawishi cha shule si kigumu kueleweka. Kwa miaka mingi shule za msingi ziliendeshwa kwa pesa za wazazi. Ada ilipoondolewa, mahitaji ya chaki, madawati na mapaa hayakuondoka. Shule inayosubiri pesa za uendeshaji kutoka serikalini inaweza kuona mauzo ya sweta kama msaada. Lakini mwisho wake ni kwamba ada iliyotolewa kwa mlango mmoja inarudi kwa dirisha, ikiwa imevaa jina la sare.

Likasi inaujua mzigo huu kuliko miji mingi. Enzi za Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni ilikuwa na shule zake na hospitali zake, na mfanyakazi alijua kwamba elimu ya watoto wake ina mahali pa kuegemea. Kampuni ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mahali hapo palianza kubomoka. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Leo, familia nyingi za Likasi zinaishi kwa biashara ndogo, kilimo, kazi za siku au uchimbaji wa mikono. Pesa inaingia siku moja na kukosekana siku nyingine, lakini Septemba haibadilishi tarehe.

Bei nayo haiamuliwi Likasi. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf huko Kalemie, kilichokuwa kikisokota na kufuma pamba katika Katanga ya zamani, kimesimama kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya vitambaa na nguo za Haut-Katanga inatoka nje, inapitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, inafika Lubumbashi, kisha inapanda barabara ya kilomita zipatazo 120 hadi Likasi. Kila hatua ina usafiri wake na kodi yake. Mwenye duka anayenunua kwa dola anafuata dola hata anapouza kwa franka.

Ndani ya hali hiyo, silaha ya kwanza ya mzazi ni wakati. Julai, mtoto akishapata matokeo yake, nguo za mwaka uliopita zinafaa kutolewa zote, kujaribiwa na kuhesabiwa kabla ya kununua chochote. Shati lililobana kwa mkubwa linamfaa anayemfuata. Suruali iliyopasuka magoti inaweza kuwa kaptula ya mdogo. Katika familia nyingi, orodha iliyoandikwa baada ya kazi hiyo inakuwa fupi kuliko ile iliyokuwa kichwani. Tena mwezi Julai fundi hana foleni. Ana muda wa kupatana bei, na wa kuacha upindo mpana chini ya suruali na sketi ili ziteremshwe mwaka unaofuata. Nguo iliyo tayari ya bei ndogo mara nyingi haina nafasi hiyo ndani ya mshono, kwa hiyo mtoto akikua kidogo, imekwisha.

Jambo la pili ni kununua kwa kufuata majira. Katika Katanga, Septemba na Oktoba ni miezi ya joto, kabla ya mvua kushika. Baridi ya asubuhi inauma zaidi kuanzia Mei. Hakuna sababu ya sweta kulipwa katika wiki moja na viatu na madaftari, ila kama shule imeilazimisha. Viatu ndivyo vya kutangulizwa, kwa sababu mvua na matope viko njiani. Mashati mawili kwa mtoto pia si anasa: shati moja linalofuliwa kila jioni linachakaa upesi, na siku mvua inaponyesha usiku kucha halikauki.

Jambo la tatu ni kuungana. Likelemba, ambayo akina mama wa Congo wanaitumia kwa biashara na misiba, inaweza kupangwa kwa ajili ya Septemba. Kwa mfano, mzazi anayeweka franka 1,000 kila siku kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Agosti anakuwa na franka 153,000. Kiasi hicho hakitoshi kuvisha nyumba nzima, lakini kinamwezesha kununua kabla ya msongamano na bila mkopo. Na wazazi kumi wa avenue moja wanaonunua jora zima la kitambaa cha buluu wanapatana bei ya jumla, ambayo mmoja peke yake hawezi kuipata.

Lakini juhudi za nyumbani zina mwisho wake. Mzazi anaweza kutunza, kurekebisha na kuweka akiba mwaka mzima, halafu tangazo moja la shule mwishoni mwa Agosti likaharibu hesabu yote. Kwa hiyo swali linafika kwenye kamati za wazazi, COPA, ambazo zipo katika shule kwa ajili ya mazungumzo ya aina hii. Hata nchi tajiri zimeliona tatizo hilo. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare, na mwongozo uliofuata ukazitaka shule za England zipunguze nguo zenye nembo na zihakikishe sare zilizotumika zinapatikana kwa wazazi.

Shule zina hoja yao: nembo inasaidia kumtambua mwanafunzi barabarani na kulinda nidhamu. Hoja hiyo haihitaji shati maalumu. Kipande cha kitambaa chenye nembo, kinachoshonwa juu ya mfuko wa shati na kutolewa shati linapochakaa, kinafanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Shule inaweza pia kutangaza orodha yake kabla ya likizo ya Julai na kukubali kutoibadilisha kwa miaka kadhaa. Inaweza kutenga chumba ambamo familia zinaacha nguo zilizowabana watoto wao ili wengine wachukue. Na inaweza kumpokea darasani mtoto asiye na sare kamili katika wiki za kwanza, wakati mzazi anatafuta.

Mambo hayo hayasubiri bajeti ya Kinshasa. Yanahitaji mkutano wa mkuu wa shule na wazazi, ufanyike kabla ya mwaka kufungwa, wakati maduka hayajajaa watu na kila upande bado una nafasi ya kukataa bei.