Jua Linalokula Sola

Mama yangu hukaanga samaki Kamanga, hatua chache kutoka kivukoni. Sola aliyonunua iliandikwa wati 20. Baada ya miezi michache taa ikawa inazima kabla abiria wa mwisho hawajashuka. Muuzaji akamwambia, "Mama, umeitumia vibaya." Mama akaomba radhi.

Radhi ile siikubali. Nilipoitazama sola nikaona kioo cha hudhurungi: silikoni isiyo na fuwele, iliyopakwa tabaka nyembamba juu ya tabaka. Tangu 1977, Staebler na Wronski walipoandika habari zake, inajulikana kuwa silikoni hiyo hupungua nguvu kwa kupigwa na mwanga wenyewe, hasa miezi ya mwanzo. Kingo zisipozibwa vizuri, hewa yenye unyevu huingia na kula tabaka la metali. Watengenezaji wanajua. Mama hakuambiwa.

Lebo iandike wati zitakazobaki baada ya jua kula sehemu yake, siyo za siku ya kwanza. Mnamuuziaje mtu wa ziwani sola inayoogopa jua na unyevu, kisha mkamlaumu yeye? Anayestahili kuombwa radhi ni mama.