Feni ya Kompyuta Mbovu
Miezi ya kaskazi, joto la Unguja linapomnyima mtu usingizi hata akafungua madirisha yote, jirani yangu fundi, kwa akili aliyojaaliwa na Mola, alichomoa feni ndogo ya volti 12 katika kompyuta iliyokufa, akaipachika ukutani karibu na dari, ambako hewa ya moto hujikusanya, ili iitoe nje, na tundu la chini, upande wa kivuli, liingize hewa ya baridi. Betri kuukuu ya pikipiki huiendesha usiku kucha. Mkewe alicheka kwanza; sasa hulala yeye mbele. Ila kuchomoa feni ya maikrowevu, tafadhali, muachieni mjuzi, kwani kapasita iliyomo ndani ya chombo hicho yaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata waya ukishachomolewa.