MAZINGIRA YETU: Mkuyu ule tusiukate

Mwezi huu tunarudi kwa habari ya miti. Miche tuliyonunua Mbarara tukaipanda mwezi wa tano ilikauka karibu yote. Kosa ni letu, tulichelewa: kiangazi cha Juni hadi Agosti kiliikuta mizizi bado juu juu, na nyasi zikainyang'anya maji. Iliyobaki ililiwa na mbuzi, mnawajua.

Lakini chini ya mkuyu wa mpakani mwa shamba tulikuta miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Nani aliileta? Ndege na popo. Wanakula matunda huko mbali, wanatua mkuyuni kupumzika, mbegu zinaanguka na mavi yao. Mahali peupe ndege hana pa kutua, basi mbegu kubwa hazifiki.

Kule msitu wa Kibale, upande wa Fort Portal, tangu mwaka 1994 wamepanda miti palipokuwa mabingobingo matupu. Kivuli kilipopatikana nyasi zilipungua, na kima na ndege wakaingia na mbegu za miti mingine.

Sasa nyumbani wengine wanataka mkuyu ukatwe kuni. Kuni ni shida kweli, mama anayepika hatuwezi kumlaumu. Tumepatana tukate matawi makavu tu. Miche ile tumeizungushia miiba na kuing'olea nyasi pembeni, tuone kama itafika mvua ya Septemba. Na wewe mwenye mkuyu, angalia kwanza chini yake kabla hujashika panga.