Ajira hazinunuliwi kwa hundi moja

Serikali inapotangaza kwamba itatumia fedha za walipa kodi kuzalisha ajira kwa njia ya uvumbuzi, mfanyabiashara hana budi kuuliza bei kwanza. Kila ajira itagharimu kiasi gani? Itapatikana lini? Na isipopatikana, fedha zitarudishwa na nani? Jimbo la Ohio nchini Marekani limeyajibu maswali hayo kwa njia mbili tofauti katika miaka 20, na njia hizo zinafaa kupimwa kwenye mizani moja.

Ohio ilijengwa kwa chuma, matairi na magari. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Viwanda vingine vya chuma katika bonde hilo vilifuata. Tangu hapo, kila gavana wa jimbo hilo ameulizwa swali lile lile: vijana watafanya kazi gani?

Mwaka 2002 Gavana Bob Taft alizindua mpango ulioitwa Third Frontier, uliokadiriwa kutumia dola bilioni 1.6 kwa miaka 10. Shabaha yake ilikuwa kuunganisha utafiti wa vyuo vikuu na hospitali na kampuni changa zenye uwezo wa kuugeuza kuwa bidhaa za kuuzwa. Waombaji walishindana, maombi yao yakapimwa na wataalamu wasio watumishi wa serikali, na katika sehemu nyingi za mpango huo mwombaji alitakiwa aweke fedha zake mezani pia. Asiyethubutu kuhatarisha chake hakupewa cha wananchi.

Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba wenye fedha waliulizwa. Serikali ilipotaka kukopa kwa kuuza hatifungani, ilibidi ipate ridhaa ya wapigakura. Novemba 2003 walikataa. Serikali ikarudi na hoja mpya, na mwaka 2005 wakakubali dola milioni 500 za utafiti, zikiwa ndani ya mkopo wa dola bilioni 2 uliohusu pia barabara na madaraja. Mei 2010, wakati uchumi ukiwa bado umedorora, waliongeza dola milioni 700. Mwananchi mwenye shida hapigi kura ya kukopa asipoona faida.

Je, faida ilikuwapo? Ripoti ya taasisi ya SRI International iliyotolewa mwaka 2009 ilisema kwamba dola milioni 681 zilizokwisha kutumika zilichangia ajira 41,300. Ukigawanya, kila ajira iliigharimu serikali dola 16,500 hivi. Hesabu hiyo ipokelewe kwa tahadhari, kwani imejumlisha na ajira zilizozalishwa pembeni, kwa wauzaji wa vifaa na hata wenye maduka. Hata ukiipunguza hadi robo, bei ni dola 66,000 kwa ajira moja.

Sasa tazama njia ya pili. Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza kujenga viwanda vya chipu za kompyuta katika wilaya ya Licking, karibu na mji wa Columbus, kwa dola bilioni 20. Jimbo, chini ya Gavana Mike DeWine, liliahidi ruzuku na misamaha ya kodi inayokaribia dola bilioni 2. Kampuni kwa upande wake iliahidi ajira 3,000. Hapo bei inapanda hadi zaidi ya dola 650,000 kwa kila ajira ya kudumu kiwandani. Na uzalishaji uliotarajiwa mwaka 2025 umesogezwa: Februari 2025 kampuni ilisema kiwanda cha kwanza kitaanza kazi mwaka 2030 au 2031.

Watetezi wa mradi huo wana hoja. Kiwanda cha namna hiyo huvuta kampuni nyingine kumfuata, ujenzi wenyewe hutoa maelfu ya kazi, na jimbo likisita, jimbo jirani litatoa zaidi. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini kijana anayesubiri kazi hawezi kula kiwanda cha mwaka 2031, na jimbo lililoweka mayai yake katika kapu moja halina la kufanya mwenye kapu anapobadili mipango yake.

Ohio yenyewe ilikwisha kuonja uchungu huo. Kiwanda cha magari cha General Motors cha Lordstown, kilichofunguliwa mwaka 1966, kilitoa gari la mwisho Machi 2019, ingawa kampuni ilikuwa imepewa nafuu ya kodi ya dola milioni 60 hivi ili ibaki. Mwaka 2020 mamlaka ya jimbo iliitaka irudishe dola milioni 28 na itumie nyingine milioni 12 kulisaidia bonde hilo. Angalau sehemu ilirudi, kwa sababu mkataba uliruhusu. Kazi hazikurudi.

Maoni yetu ni kwamba mkakati wa ajira kwa njia ya uvumbuzi unastahili fedha za umma kwa masharti manne. Fedha zitolewe kwa awamu, baada ya ajira kuhesabiwa. Mpokeaji aweke mtaji wake. Hesabu za ajira na mishahara zitangazwe kila mwaka. Na fungu maalumu litengwe kwa mafunzo, kwa kuwa mfua chuma aliyeachishwa kazi si yeye atakayeitwa kwenye maabara.

Haba na haba hujaza kibaba. Kampuni 100 ndogo, hata 60 zikifa, zitaacha 40 zenye mizizi mahali pale. Kampuni moja kubwa ikiondoka, huacha ua wenye nyasi na deni la kulipwa na watoto.