Usaili Siyo Huruma: Ijue Sheria Kabla Hujaomba Kazi ya Kurusha Mpira



Leo naomba tuongee kuhusu ajira, ila siyo kwa ile staili yetu ya kusema "ajira hakuna" halafu tunaendelea na mambo mengine. Tuongelee ajira ambazo zipo, na kile kinachowakuta vijana mlangoni.

Chukua mpira. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Agosti 2025 tukawa wenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na CAF imezipa nchi hizo hizo tatu AFCON 2027. Natoa mifano hii kuonyesha ukubwa wa sekta, simnyooshei mtu kidole.

Ukiwa kibanda umiza hapa Magamba unaona wachezaji 22 na unasikia sauti ya mtangazaji. Huwaoni kamerameni, mtu wa sauti, mtu wa marudio, mtu wa grafiki, vijana wanaovuta nyaya tangu asubuhi, wala mwongozaji aliyekaa ndani ya gari la matangazo akiamua sekunde hii tuone kamera ipi. Hizo zote ni kazi, na wengi wetu tunazitaka. Lakini zinapatikanaje?

Dada mmoja wa huku kwetu, mwenye diploma ya utangazaji, aliitwa Dar kwenye usaili wa msaidizi wa prodaksheni ya michezo. Kampuni siitaji. Akapanda basi la alfajiri, Mombo, Segera, Chalinze, mpaka mjini. Swali la kwanza lilikuwa zuri kabisa: mechi iko mubashara, kamera yako ya nyuma ya goli inazima, unafanya nini? Akajibu kwamba anamjulisha mwongozaji kwanza ili ahamie kamera nyingine, ndipo anahangaika na betri na waya. Jibu la mtu anayeijua kazi.

Kuanzia hapo, kazi haikuulizwa tena. Umeolewa? Una mpango wa kuzaa karibuni? Hiyo lafudhi ya Kisambaa utaiacha lini? (Kazi yenyewe ni ya nyuma ya kamera, hasikiki popote!) Tumeona picha yako mtandaoni na fulana ya chama, kwa hiyo na wewe ni wa wale? Mwisho akaambiwa ataanza kwa kujitolea miezi sita, "tukikupenda tutakuita."

Aliporudi, karibu kila mtu alimwambia hayo ni ya kawaida. Ni kweli ni ya kawaida. Lakini siyo halali, na hapo ndipo vijana tunapopigwa: tunadhani sheria ya kazi inaanza siku ya kusaini mkataba.

Fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7. Kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alikotoka, maoni ya kisiasa, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengineyo. Na kwenye kifungu hicho, mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kama mfanyakazi. Yaani ukikaa tu kwenye kile kiti cha usaili, sheria imeshakaa pembeni yako. Kuna zaidi: ukionyesha ushahidi wa awali kwamba ulibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri athibitishe kwamba hakukubagua.

Tuwe waungwana lakini. Siyo kila swali gumu ni ubaguzi. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri kuangalia mahitaji halisi ya kazi. Akikuuliza kama unaweza kubeba stendi ya kamera mpaka jukwaani, au kama unaweza kusafiri na gari la matangazo wiki nzima, ni haki yake, mradi awaulize wote, siyo wasichana peke yao. Kipimo ni rahisi: swali hili linahusu kazi au linanihusu mimi nilivyo?

Dada zangu, kuna hili jingine ambalo linasemwa kwa kunong'ona. Anayekutaka kimapenzi kama sharti la kukupa kazi hafanyi "utani wa kiofisi". Ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi Sh milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tunza meseji zake, usizifute kwa hasira. TAKUKURU wapo mpaka wilayani.

Sasa tuje kwenye deiwaka, maana ndiyo mtindo wa sekta hii. Unalipwa kwa mechi, huna mkataba, na ukiumia uwanjani ni wewe na familia yako. Ukiuliza unaambiwa, "Wewe siyo mfanyakazi wetu." Taratibu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinaorodhesha dalili za mtu kuchukuliwa kuwa mfanyakazi, na dalili moja inatosha kuanzia, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mojawapo ni kumfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Piga hesabu: mechi moja ukifika uwanjani asubuhi kufunga mitambo na kuondoka usiku ni saa 10. Mechi tano kwa mwezi ni saa 50. Tayari umevuka. Dalili nyingine ni kutumia vifaa vya mwajiri. Nani kati yetu ana kamera ya uwanjani nyumbani kwao?

Na mechi za usiku je? Kwa Sheria ya Ajira, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa saa hizo. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mechi ikiisha saa 3 usiku mtazamaji anaenda kulala, ila anayekunja nyaya bado yuko kazini.

Kwa hiyo ukifika ile sehemu ya "una swali lolote?", usiseme hapana. Uliza kwa adabu: mkataba ni wa muda gani? Nalipwa kwa mwezi au kwa mechi? Saa za usiku zinahesabiwaje? Haya yote mwajiri anatakiwa kukupa kwa maandishi unapoanza kazi, kifungu cha 15. Ukitoka pale, kabla hujasahau, andika tarehe, waliokuwepo na maswali waliyokuuliza. Ukiamua kulalamika, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) inapokea migogoro, na kwa isiyohusu kuachishwa kazi una siku 60. Sisi wa Lushoto tunahudumiwa na mkoa wetu, Tanga. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya 2005, waiangalie hiyo.

Najua mtaniambia, "Dada, ukijifanya mwanasheria kwenye usaili utakosa kazi." Inawezekana. Mtu mmoja peke yake, mwenye nauli ya kuazima, hana nguvu ya kubishana na meza ya watu watano, na simlaumu anayenyamaza ili apate ugali. Ndiyo maana nasema hili ni jambo la siasa, siyo la ujasiri wa mtu mmoja mmoja. Tunapiga kelele sana kuhusu ajira za vimemo serikalini, na ni sawa. Katiba ibara ya 22 inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi zilizo chini ya mamlaka ya nchi. Lakini hatujawahi kusimama kama vijana na kudai ukaguzi wa kazi kwenye sekta ya matangazo, wala kuuliza kuelekea AFCON 2027 ni vijana wangapi wataingia kwa mkataba na wangapi kwa deiwaka. Tuulize sasa, wakati mikataba bado inaandaliwa.

Na tuanzie nyumbani. Mikutano yetu inarushwa mubashara. Kuna vijana wanashika kamera juani kutwa nzima, wanahariri usiku, asubuhi klipu ziko hewani na sisi tunashea. Wangapi wana hata karatasi moja iliyosainiwa? Nani aliwachagua, na kwa usaili gani? Anayejitolea kwa hiari yake nampigia saluti. Lakini kijana anayefanya kila wiki, kwa ratiba tuliyompangia sisi, kwa vifaa vyetu, huyo kifungu cha 61 kinamhusu hata kama anavaa fulana yetu.

Naomba viongozi wa vijana wa wilaya na mikoa mlijibu hili kwenye kikao kijacho. Hatuwezi kuidai serikali kitu ambacho sisi wenyewe hatukilipi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, anaandika kutoka Magamba, Lushoto.